Beseni Kavu

Nilikwenda Bombo na beseni langu la buluu,
lile la kulowekea vitenge vipya vichuje rangi
kabla sijavitia mkasi,
kwa kuwa najijua.
Mwaka ule wa uvimbe wa kizazi walinipasua asubuhi,
nikatapika mpaka alfajiri ya pili,
na kila nilipotapika mshono ulivutika
kama uzi uliokwama kwenye bobini.
Maumivu yana mahali pake, unaweza kuyaonyesha kwa kidole.
Kichefuchefu hakina mahali:
ni mwili mzima unaukana mwili.

Jioni, kabla ya siku yenyewe, akaja kijana wa usingizi,
Mhina, Mbondei wa Magila, kalamu sikioni.
Nilidhani ataniuliza yalivyoanza,
usiku wa harusi kwa kina Mwanamkuu,
sahani ya pilau, kisha kisu chini ya mbavu za kulia.
Hakuuliza. Akasema:
"Bi Semeni, ukipanda gari la Lushoto,
zile kona za juu ya Mombo,
unafika na chakula chako?"
Nikacheka, ubavu ukanikata.
"Mwanangu, mimi nikiiona Mombo tu naomba mfuko."
Akachora mstari.
Nikamweleza na habari ya uvimbe,
akaukoleza uleule.
"Unavuta sigara?"
Astaghfirullah!
Akachora wa pili. Dunia ina vituko:
hapa tu ndipo mvutaji anapopata nafuu.
Wa tatu hakuuliza, kwa kuwa mimi ni mwanamke.
Wa nne akauchora kwa ajili ya kesho,
kwa dawa kali ya maumivu,
inayotuliza kidonda ikachokoza tumbo.

Miaka thelathini nawapima watu vifua na viuno,
sikujua kutapika nako kuna futi yake.

"Basi hatusubiri utapike," akasema.
"Tutakulaza kwa dawa ya mshipa, ile nyeupe kama tui,
si kwa hewa ya kuvuta.
Sindano moja ukishalala,
nyingine kabla hujaamka.
Maji ya kutosha mshipani.
Maumivu tutayaanza kwa dawa nyepesi,
kali iwe ya akiba."
"Na beseni?"
"Njoo nalo."

Kwetu jambo likiharibika tunasema limetumbukia nyongo.
Nyongo yangu ilitumbukia yenyewe, katika mawe.

Niliamka nikikisubiri kichefuchefu.
Wallahi nilikisubiri
kama mdeni anayesikia viatu vya mdai barazani.
Midomo mikavu, bega likiuma
kwa hewa waliyonipulizia tumboni,
na tumboni matundu manne,
ya vifungo vya shati la mtoto.
Kitanda cha pili wakafunua samaki wa kukaanga.
Harufu ikaja mpaka puani, ikasimama.
Koo likauliza swali.
Tumbo halikujibu.

"Usiinuke ghafla," Nesi Zamoyoni akaniambia.
"Kijiko, halafu ungoje."
Kijiko. Nikangoja.
Adhana ya alasiri. Kijiko.
Magharibi, uji mwembamba usio na nazi,
ukashuka, ukakaa,
kama mgeni aliyeambiwa karibu na akaamini.

Mhina akapita, akachungulia ndani ya beseni,
akaenda kitanda kingine.
Nilitaka kumwambia kitu, nikakosa.
Nani anampa mkono
aliyeziba paa kabla ya masika?
Mkwe wangu aliuliza habari ya upasuaji,
nikamwonyesha mawe saba kichupani, rangi ya kunde.
Habari ya kutotapika sikujua nianzie wapi:
haina mwanzo,
haikutokea.

Nikarudi Barabara ya Kumi na Mbili,
beseni limebeba khanga zangu za jana.
Wiki ya pili nikalowekea kitenge cha mteja.
Kikachuja sana, maji yakageuka kijani,
kijani kilekile cha mwaka ule.
Nikainama nayo taratibu mpaka uani,
nikayatazama,
nikayamwaga.